Kijiti cha Bibi

Juzi, penye daraja la mto Umba, niliona nguzo iliyochorwa alama za kupimia maji, nikakikumbuka kijiti cha bibi yangu.

Siku hiyo, nikiwa mtoto, mama alikuwa amevuka kwenda shamba letu la mpunga, na mto ukafurika nyuma yake. Kwetu jua liliwaka. Sikujua, kama nijuavyo leo, kwamba mvua ilikuwa ikinyesha mbali, katika milima ya Usambara. Watoto wenzangu walikuwa wamekwenda Lunga Lunga kuitazama bendera mpya ya uhuru. Bibi alikichomeka kijiti pale maji yalipofika, penye harufu ya tope na majani yaliyooza.

"Maji yakishuka chini ya hiki," alisema, "mamako atavuka."

Alipokwenda kuswali alasiri, niliking'oa nikakichomeka juu zaidi, pakavu. Maji sasa yalikuwa chini yake. Niliketi nikaikodolea macho ng'ambo ya pili, nikiusikiliza mvumo wa mto.

Bibi aliporudi alikitazama kijiti, kisha akanitazama mimi.

"Hajaja, mjukuu wangu?"

"Hajaja, bibi."

Hakukirudisha. Alitandika kanga yake nyasini, akaketi kando yangu, naye akaanza kumngoja.