Barua ya Mreno ilipofika Kitaya: tuzungumze au tukatae?

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Juzi nimepitia uzi wenu wa kubishana kama nchi ikae mezani na jirani mwenye uadui au ikaze msimamo. Kurasa kumi na mbili! Matusi nimeyaona, ila mtu aliyewahi kuishi pua kwa pua na adui sikumwona hata mmoja.

Basi acha nichangie. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chuno hapa Mtwara, na natype kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi sitaongeza, yaliyotokea yanatosha.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilipangiwa kufundisha Kitaya, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Ruvuma. Binti wa Kipare, miaka ishirini na mbili, Kimakonde sijui hata salamu.

Ng'ambo ni Msumbiji, na wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa Mreno. Kambi ya askari wake haikuwa mbali. Asubuhi upepo ukivumia kwetu tulisikia tarumbeta yao.

Vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto kule, watu wanavuka kukimbia. Kitaya tulikuwa tumepokea familia kumi na moja. Watoto wao nilikuwa nao darasani.

Aliyewavusha wengi wao alikuwa Salumu, mvuvi, mume wa Bi Somoe, jirani yangu. Huyo mama ndiye aliyenifundisha kupika mboga za kule na kunikanya nisiende mtoni peke yangu.

Siku moja Salumu na kijana mmoja, Bakari, walikwenda kutega nyavu karibu na kisiwa cha katikati ya mto. Askari wa Kireno wakatokea kwenye matete, wakawachukua. Waliokuwa ukingoni kwetu waliona kwa macho yao, wasiwe na la kufanya.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Aliileta mama mmoja wa ng'ambo aliyekabidhiwa na askari. Mwenyekiti wetu, Mzee Chilumba, aliita watu darasani kwangu wanafunzi walipotoka, akanipa niisome kwa sauti.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini maana ilieleweka. Watu wenu wawili tunao, ni wazima. Turudishieni wote waliovuka, tutawapa watu wenu na mtalima kando ya mto kwa amani. Mkikataa, msitulaumu.

Wale wageni wetu walikuwa wamekaa madawati ya nyuma. Nilishindwa kuwatazama.

Wa kwanza kusimama alikuwa Nandonde, kaka yake Bakari. "Mimi nasema tuzungumze. Kuzungumza si kushindwa. Mama yangu hali, analilia mwanawe. Hawa tumewasaidia vya kutosha, warudi, wakitaka wavuke tena sehemu nyingine, sisi tupate watu wetu."

Wengi waliitikia kwa kichwa.

Wakuu, niseme ukweli niliouahidi: na mimi niliitikia. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kulala usingizi.

Mzee Chilumba akamgeukia Bi Somoe. "Na wewe mama, mwenye mume?"

Bi Somoe hakusimama haraka. Alipanga kanga yake kwanza.

"Hawa mume wangu ndiye aliyewavusha," akasema. "Mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Akiingia mlangoni akaniuliza wako wapi, nimwambie nimewatoa ili nikupate wewe?"

Nandonde akadakia, "Atakuwa hai, Bi Somoe! Hilo si jibu?"

"Nataka awe hai, Nandonde. Usinifundishe kumtaka mume wangu." Sauti ilikatika, akairudisha. "Mwiteni huyo Mreno tuzungumze habari za mto, za nyavu, za mipaka. Nitakwenda mwenyewe. Lakini vanu, watu hawa, hawamo kwenye mazungumzo."

Mzee Chilumba alipoomba mikono, wengi tuligeuka tukamfuata. Mwenye haki ya kwanza ya kusema ndiyo alikuwa amesema hapana.

Jibu niliandika mimi kwa mkono wangu. Tuko tayari kuzungumza juu ya wafungwa na juu ya mto. Waliokuja kwetu hawatoki.

Siku ya nne baada ya kulituma, mabomu ya Mreno yakaanza kutuangukia. Darasa lilibomoka upande. Nyumba ya mama yake Nandonde iliungua, na yule bibi alikuwa ndani.

Hilo sitalipunguza uzito. Msimamo wetu ulilipiwa, na aliyelipa zaidi ndiye aliyeupinga. Nandonde hakutusalimia tena, mimi wala Bi Somoe.

Tulichimba mahandaki. Nilifundisha humo, ubao nimeuegemeza kwenye udongo. Ningeweza kuomba uhamisho, wenzangu wawili waliomba na wakapata. Mimi nilibaki. Baada ya kuiandika ile barua niliona siwezi kuwaachia wengine majibu yake.

Miaka ikapita. Mreno akaondoka Msumbiji, wafungwa wakafunguliwa. Bakari akarudi, amekonda, sikio moja halisikii. Akarudi peke yake.

Nandonde mwenyewe ndiye aliyemleta kwa Bi Somoe. Nilikuwepo, tulikuwa tunachambua mchele. Bakari alisema Salumu alikufa kwa kipigo wiki ya kwanza tu, kwa sababu alikataa kutaja nyumba walizofikia wageni.

Wiki ya kwanza. Barua ilikuja wiki ya tatu.

Bi Somoe aliweka ungo chini. "Kumbe walitaka tuwauzie watu kwa maiti," akasema. Kisha akalia, na Nandonde akakaa chini kwenye vumbi karibu naye, akalia pia.

Msikimbilie kusema "mnaona, mlikuwa sahihi." Siku ile hatukujua. Salumu angeweza kuwa hai, na uamuzi ungekuwa uleule. Miaka baadaye nilimuuliza Bi Somoe kama aliwahi kujuta. Akanijibu, "Nimelia sana, mwalimu, bado nalia. Barua ile ikija leo, andika vilevile."

Nilichojifunza: kuzungumza na adui sina tatizo nako. Ila kabla hujakaa mezani, jua kitu gani hakiwekwi mezani. Na dai uthibitisho! Salumu alikuwa mwanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, jina lake aliweza kuliandika. Ningewaambia Wareno waje na sahihi yake. Sikuwaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nyie wa kurasa kumi na mbili, niambieni. Mngekuwa darasani siku ile, mngenyoosha mkono upande gani? Jibuni kwa ustaarabu, nasoma zote. Na kama kuna mjukuu wa familia zile kumi na moja humu, mwanangu, nisalimie tu.