Korongo wa Uwanja wa Ulezi

Pwaa! Mpaka leo nikisikia mtu anakung'uta kanga mbichi kabla ya kuianika, moyo wangu unaruka. Ndiyo sauti ile ile ya bawa la korongo lilipoipiga fimbo yangu kule Mwazye, asubuhi moja ya baridi ya Juni, mwaka ambao watoto wa kijiji chetu cha ujamaa tulishikwa na wazimu wa kung fu.

Wazimu huo aliuleta Kaka Ezekia, kijana wa Mbeya aliyeendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Kabla ya hapo alikuwa kibarua kwenye kambi ya reli, na huko Wachina walimfundisha mtindo wa korongo. Jioni mashine ikinyamaza, aliwapanga wavulana nyuma ya kibanda, nyuso nyeupe kwa vumbi la unga, kila mmoja mguu mmoja juu. Mimi na debe langu kichwani nilitazama hadi nikasahau nimetumwa.

"Shikamoo Kaka. Na mimi nataka," nikasema siku moja.

Binamu yangu Fulgensi akadakia, "We Skola, korongo gani anavaa gauni? Nenda kafukuze ndege!"

Wakacheka mpaka wakashindwa kusimama mguu mmoja. Kaka Ezekia hakucheka.

"Mnajua nani aliuanzisha mchezo huu? Binti! Wenzangu wa kambini walinisimulia. Zamani huko kwao binti alikuwa anaanika nafaka, korongo akatua kula. Akampiga fimbo, ndege akakwepa. Akapiga tena, ndege akaisukuma fimbo kwa bawa. Basi binti akaacha hasira, akaanza kumsoma. Kutoka kwake ukaenea kijiji kwa kijiji, hadi ukafika relini, ukafika kwangu." Akanigeukia. "Skola, nakupa siku tatu. Niletee kitu ambacho hawa hawakijui, utaingia mstarini."

Jamani! Kufukuza ndege si ndiyo ilikuwa kazi yangu? Ulezi wa Bibi ulikuwa umeanikwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na ulikuwa na heshima yake. Ufipa hualiki watu waje kukulimia matuta bila pombe ya ulezi. Ukienda na maneno matupu, utalima peke yako.

Siku mbili walikuja njiwa tu. Ya tatu, akatua yeye mwenyewe, taji la manjano kichwani, anatembea kama katibu kata. Nikampiga fimbo. Pwaa! Aliisukuma kwa bawa, wala hakukimbia. Aligeuza mwili nusu, fimbo ikapita, naye akarukia pale pale nilipokuwa nimesimama. Nikajaribu tena, hola. Nikaiweka fimbo chini, nikaanza kumwiga. Mimi najifunza, yeye anakula. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

"Skolastika! Unalinda ulezi au umepokea mgeni?"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Akautazama uwanja ulioliwa, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimesimama mguu mmoja. "Haya. Pombe haitawatosha watu wote. Matuta yatakayobaki utalima wewe."

Nikaitikia kwa furaha kana kwamba nimepewa zawadi.

Jioni ile Fulgensi alinijia na bua la muhindi, mbio kama fahali. Nikageuza mwili nusu. Bua likapita, mwenyewe akapita, akaishia kwenye lundo la pumba. Wote wakapiga kelele!

"Ingia mstarini," akasema Kaka Ezekia.

Fulgensi akapiga chafya mara tatu. "Skola dada yangu, hiyo umeitoa wapi? Nifundishe basi." Likizo ilipofika akaipeleka mbinu hiyo Ilemba kwa wajomba zake, akijisifu kwamba kaibuni yeye.

Matuta niliyalima kweli, mikono ikatoka malengelenge. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto, ndipo Bibi alinichekea akaniambia kwamba alikuwa amesimama nyuma ya kihenge tangu korongo anatua. Alituacha tumalizane kwanza, ndipo akaita. Nikawaza, hata yule binti wa China lazima alikuwa na bibi aliyekubali kupungukiwa nafaka.

Lakini hayo sikuyajua wakati ule. Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote, nikachota kiganja kimoja kutoka kwenye ulezi wa uji wangu, nikaumwaga pembeni mwa uwanja. Kisha nikainua mguu mmoja, nikangoja.