Kauli ya Baba Asiyepatikana

Juzi pale Igawa nilisimama kwenye mwavuli wa binti anayesajili laini za simu, nikamkuta dereva wa lori akiulizia mtandao.

"Unasafiri zaidi wapi, baba?" binti alimuuliza.

"Zambia, mpaka Kongo."

"Basi chukua huu. Ukivuka Tunduma bado unapatikana."

"Na kwetu Usangu ndani unashika?"

Binti akatikisa kichwa. "Huko ni ule mwingine tu. Beba laini zote mbili."

Dereva akainamia simu yake. Akasema taratibu kwamba laini ya nyumbani anayo, na ndiyo aliyokuwa nayo Zambia mwanawe aliposhikwa na homa. Mkewe alitaka kumkimbiza mtoto hospitali Mbeya, lakini ndugu za mumewe wakamwambia asubiri kwanza kauli ya baba. Wakapiga simu, hapatikani, wakapiga tena, mpaka mtoto akakata roho.

"Pole, baba," binti akasema.

"Nipe hiyo ya safari. Ila nyumbani nimeshawaambia, mtoto akiumwa mama yake asimpigie mtu. Ambebe, aende."

Akaweka kidole gumba kwenye mashine ya alama za vidole. Ikakikataa. Akakifuta kwenye shati, akakirudisha.

Kampuni za simu zinashindana kusimika minara kwenye milima yetu, na ni jambo jema. Lakini yule mama alimwona mwanawe anazidiwa, na alijua hospitali iko wapi. Sijui ni mnara gani ungemfikishia ruhusa ambayo hakupaswa kuiomba.