Haragwe la Aline

Daktari wa moyo hamwekei mtu kipimo kifuani kabla hajakipasha joto kiganjani. Kwa Warundi wa Litapunga kila mtoto ana jina lake peke yake, hachukui la baba, kwa hiyo kwenye makaratasi ukoo hauonekani. Daktari huyo huupanga mkekani kwa punje, mahindi wanaume, maharagwe wanawake, na mwenye moyo mbovu, awe hai au marehemu, humfunika kwa jani. “Ugonjwa huu unarithiwa, mama,” alimwambia Thacienne mwaka tisini na sita, mumewe na shemeji zake wawili wakiwa tayari chini ya majani. Alimsikiliza moyo Aline, binti wa Thacienne, kwa muda mrefu, macho kayafumba, akaisoma karatasi ya mashine ya moyo mara mbili.

“Huyu moyo wake mzima.”

Kumbe muda wote huo alikuwa ameshika jani, akalitupa, akacheka. Thacienne alizirudisha punje kapuni, isipokuwa haragwe la Aline. Hilo alilipanda.