Mzee Aliyedaka Picha Angani

Mwaka wangu wa kwanza Texas nilifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, nikamhudumia mzee mmoja wa mji wa Cedar Hill, mstaafu wa jeshi la anga. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Binti yake, mwalimu aliyeishi naye, aliniambia mapema, "Baba hajawahi kuwa mtu wa hadithi."

Asubuhi moja, katika mazoezi ya mkono huo, nilimrushia kitambaa chepesi akidake. Mara mbili kilimpita. Mara ya tatu alikinasa kwa vidole viwili, akacheka hadi nikaogopa.

"Kuna nini, mzee?"

"Hii ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Akanieleza polepole. Zamani setilaiti za kijasusi zilipiga picha kwa filamu, kama kamera za studio. Filamu ikiisha, ilidondoshwa duniani ndani ya chombo mfano wa sufuria kubwa. Kilishuka kikiwaka moto kwa nje, kisha parachuti ikafunguka juu ya Pasifiki. Ndege yao ilipita juu yake ikiburuta kamba zenye kulabu. Zikiinasa parachuti, yeye na wenzake walikivuta chombo ndani kwa winchi, mashine ya kukunjia kamba, mlango wa nyuma ukiwa wazi.

"Na mkikosa?"

"Kinaelea baharini. Kina kizibo cha chumvi. Kikikawia kuokotwa, chumvi inayeyuka, kinazama, adui asikipate."

"Binti yako anajua?"

Akatikisa kichwa. Waliapa kutosema, hata kwa wake zao. Siri ilipokuja kufunguliwa, mkewe alishafariki, naye alishazoea kunyamaza.

Nilimfikiria marehemu baba yangu. Alifanya kazi bandarini Mombasa miaka yote, nami sikumwuliza hata siku moja alikuwa akifanya nini huko.

"Mwambie leo, mzee," nikasema. "Si vizuri mimi nijue, yeye asijue."

Binti aliporudi kutoka shuleni, nilibaki ingawa zamu yangu ilikuwa imekwisha. Mzee akamweleza yote, naye akamsikiliza akiwa amesimama, mkoba begani.

"Mama alidhani una mwanamke mwingine," akasema.

"Nilijua. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu."

Binti akaketi sakafuni, akakilaza kichwa chake kwenye goti la baba yake, akalia. Nikatoka taratibu.

Jumatatu niliwakuta mezani. Binti alikuwa ameleta ramani ya Pasifiki, mzee akibishana naye juu ya kisiwa fulani, kidole cha mkono wa kulia kikisogea polepole juu ya bahari. Chai yao ilikuwa imepoa. Nikaipasha moto, nikavuta kiti.