Begi la Wiki Tano

Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lenye mashine nne za kufulia mbele na chumba cha pasi nyuma, chumba chenye dirisha moja refu na mvuke usiokauka. Alisimama mbele ya meza ileile kwa miaka tisa. Shati la mikono mirefu lilimchukua dakika tatu, suruali nne, na wateja waliojua mambo walimwambia mpokea nguo pale kaunta, "Hili mpe Mama Chiriku." Hakuna aliyemwita vinginevyo. Chiriku ni mtoto wake, msichana wa miaka kumi, aliyepata jina hilo kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakunyamaza.

Mtoto wake, ila hakumzaa. Aliyemzaa ni dada yake mkubwa, aliyefariki mtoto akiwa na miezi minne. Wiki moja baada ya mazishi shemeji yake alikuja na kichanga begani na chupa ya maziwa mfukoni mwa koti, akamwomba amshikie kwa muda, mpaka akili itulie. Wakati huo yeye alikuwa na miaka ishirini na sita na mchumba. Mchumba alivumilia mwaka mmoja, kisha akasema hawezi kuanza maisha na mtoto wa watu, akaaga kwa adabu. Shemeji naye akapata kazi ng'ambo, akaondoka mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili.

Tuseme ukweli, shemeji hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila Jumapili, ada ya shule hakuiacha hata muhula mmoja. Baadaye alioa hukohuko, akapata mtoto wa kiume. Chiriku alimjua baba kama uso wa kwenye simu, na alijua kwamba mama aliyemzaa yuko makaburini. Mama wa kuamka naye, wa kumchana nywele na kumgombeza, alikuwa mmoja tu.

Mwezi wa nne shemeji akapiga simu siku isiyo Jumapili. Alisema amekata tiketi. Chiriku aende likizo wiki tano, amwone mdogo wake, arudi kabla shule hazijafunguliwa. Mama Chiriku alifurahi kweli. Baadaye watu walimwuliza kama moyo haukumwambia kitu, akajibu kwamba moyo ulikuwa na kazi nyingi.

Na kazi zilikuwepo. Walikwenda kupiga picha ya pasipoti, mpiga picha akasema mtoto afunge mdomo na masikio yaonekane. Chiriku akafungua mdomo kuuliza kama huko wanawatambua watu kwa masikio, na picha ikarudiwa mara tatu. Walikwenda kuchanja. Daktari aliandika barua kuhusu pampu ya pumu, ili mtoto aruhusiwe kukaa nayo mkononi ndani ya ndege. Wakili aligonga mhuri kwenye barua ya idhini, kwamba mlezi anakubali mtoto asafiri peke yake chini ya uangalizi wa wahudumu. Kila karatasi aliitoa nakala mbili, moja ya kwenye begi, moja ya kubaki.

Begi lenyewe alilinunua la mtumba, la bluu, gurudumu moja limekatika, akampa fundi viatu akaweka jingine. Alilijaribu kwa kulivuta kutoka kwa fundi hadi nyumbani, watu wakimwuliza anahamia wapi. Ruhusa ya mzigo kwenye ndege ilikuwa kilo ishirini na tatu. Dukani kulikuwa na mizani ya kupimia mashuka ya hoteli, kwa hiyo saa ya chakula alilipandisha begi tupu: kilo tatu na nusu. Akaandika kwenye kiganja.

Kilichomkosesha usingizi ni mke wa shemeji. Hakuwahi kumwona, lakini alimwona kila siku kichwani, ameinama, anafungua zipu. Hakutaka mwanamke yule aone mtoto aliyetupiwatupiwa vitu. Alishusha pindo za sketi mbili, akabadilisha vifungo vya sweta vyote sita kwa sababu kimoja kilikuwa hakifanani na wenzake, akashona herufi ya Chiriku ndani ya kola za nguo zote, hata za kulalia. Mpokea nguo alimwambia kwamba hata wale wa hotelini hawapelekewi hivyo. Naye akacheka, akaendelea kushona.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, shemeji akapiga tena. Kuna karatasi amesahau kuzitaja. Cheti halisi cha kuzaliwa, si nakala. Kadi ya kliniki yenye chanjo zote tangu utotoni. Na ripoti za shule za miaka miwili. Mama Chiriku aliandika, akauliza kama anunue na koti zito. Shemeji akasema asijisumbue, watalinunua baridi ikianza.

Alishukuru, akakata simu. Kesho yake, akiwa katikati ya kupiga pasi, hesabu ya miezi ikajipanga yenyewe. Huko wakati huo ni joto. Chiriku angerudi joto bado lipo. Alimweleza mpokea nguo kana kwamba anasimulia kichekesho, na mwenzake hakucheka.

"Dada, likizo gani inayodai ripoti za shule?"

Akamjibu kwa ukali kwamba mambo ya ng'ambo ni karatasi tupu, kila mlango una karatasi yake. Kisha akalitandika mezani shati alilokwisha kulimaliza, akalipiga pasi upya, kola hadi pindo.

Kupakia kulifanyika Jumamosi mchana. Alitandika vyote kitandani: nguo nzito chini upande wa magurudumu, blauzi amezikunja kwenye karatasi laini za dukani zisipate mistari, viatu vya wazi ndani ya mfuko, chupa ya mafuta ya nywele amefunga kifuniko kwa plasta. Chiriku alikuwa anaoga, sauti yake ikisikika hadi chumbani, anajadiliana na ndoo. Mama Chiriku akafungua mfuko wa ndani ya kifuniko cha begi ili aweke soksi. Ulikuwa na kitu tayari.

Alikuta kitambaa chake cha kichwa cha kijani, alichokitafuta wiki nzima. Akakuta kisanduku cha kiberiti chenye meno manne ya utotoni. Na karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne, iliyoandikwa kwa mwandiko ule wa kushindilia kalamu. Juu iliandikwa "Vya kumwachia Mama". Chini yake: sweta ya njano, kwa sababu anapenda nikiivaa. Kikombe changu. Blanketi, yeye husikia baridi akidanganya hasikii. Redio tuliyoshinda kwenye bahati nasibu ni yake tayari.

Akakaa kitandani juu ya zile blauzi. Chiriku alipoingia amejifunga taulo, aliona karatasi mkononi mwa mama yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa la kusema.

"Umejua lini?" Mama Chiriku akauliza.

"Siku ile ulipokwenda sokoni ukaniachia simu. Baba alisema nitasoma kule. Alisema nisikwambie, atakwambia mwenyewe."

"Na wewe ukanyamaza."

"Alisema ukijua utalia, na ukilia mimi nitakataa kwenda."

Ilikuwa wiki tano sasa. Mtoto asiyeweza kuficha hata zawadi ya siku moja alikuwa amebeba jambo hilo wiki tano, anapiga picha, anachanjwa, anazungushwa apimwe sketi. Mama Chiriku alimkausha nywele kwanza. Kisha akamwuliza swali alilojua kwamba akilikwepa hatapata nafasi nyingine.

"Wewe unataka kwenda?"

Chiriku aliangalia vidole vya miguu. "Nataka. Nataka kukaa na baba, na kumbeba mtoto. Lakini nilitaka na wewe uwepo."

Mama Chiriku akasema sawa. Hilo tu, sawa, kama mtu aliyeambiwa bei.

Jumapili asubuhi alimtuma mtoto kwa jirani, akapiga simu yeye. Shemeji alipopokea na kusikia sauti, alijua. Alieleza mengi: kwamba shule tayari ilishampa nafasi, kwamba mke wake amekubali kwa moyo mweupe, kwamba alitaka kumwambia yeye baada ya mtoto kufika na kuzoea, isiwe maumivu juu ya maumivu. Mama Chiriku alimwacha amalize.

"Ulitaka nimfungie begi kwa mikono yangu bila kujua ninafunga nini."

"Shemeji, nilikosea. Lakini ni mwanangu."

Alitafuta jibu la neno hilo. Alikuwa na miaka kumi ya majibu: homa, shule, ule usiku wa pumu waliouvuka wamekaa wima ukutani wote wawili. Hakuna hata moja lililobadilisha neno lenyewe. Akamwambia shemeji kwamba mtoto hawezi kunywa maziwa ya moto yenye utando, akakata simu.

Barua ya idhini ilikuwa kabatini ndani ya bahasha ya kaki. Aliitoa. Bila karatasi ile mtoto hapandi ndege. Alikuwa ameelezwa hivyo mara mbili na watu wawili tofauti. Aliishika kwa ncha mbili, jinsi mtu anavyoshika kitu anachotaka kukichana, na alikaa nayo hivyo mpaka mikono ikachoka. Baadaye alisema kwamba kama Chiriku angejibu "sitaki", angeichana na kumeza vipande. Lakini mtoto alisema anataka. Akairudisha kwenye bahasha.

Halafu akatoa kila kitu kwenye begi, akaanza upya, kwa sababu begi la wiki tano si begi la kuhama. Viatu vya wazi vilitoka, vingembana kabla ya mwaka kwisha. Nguo za kuchezea zilitoka. Ziliingia ripoti za shule, albamu ndogo ya picha za dada yake, na sweta ya njano. Chiriku alipinga kuhusu sweta, akasema imeandikwa, na mama yake akamwambia kwamba karatasi aliyoiandika peke yake bila shahidi haina mhuri. Wakacheka kidogo. Kitambaa cha kijani alikirudisha palepale alipokikuta.

Jumatatu, begi lilipopanda mizani ya dukani, lilisoma kilo kumi na tisa. Mpokea nguo akasema kuna nafasi ya kilo nne, aongeze kitu. Mama Chiriku alisimama anaitazama ile namba. Hakuwa na kingine cha kutia.

Alichoongeza ni barua, kurasa tatu, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Hakuandika lawama. Alieleza kwamba pumu huanza kwa kukuna shingo, si kwa kukohoa, kwa hiyo akimwona anajikuna asisubiri. Nywele zichanwe kuanzia ncha. Akisema ameshiba mara moja, bado. Akisema mara mbili, ameshiba. Akiongea sana ana furaha, lakini akiongea haraka sana ana hofu, na tofauti yake ataizoea. Mwisho aliandika, "Mimi ndiye mama yake mdogo," akaitazama sentensi hiyo muda mrefu, akaiacha ilivyo.

Uwanjani mhudumu wa kike alimvalisha Chiriku kadi ya plastiki shingoni na kumwambia mlezi anaishia pale. Chiriku alikuwa anaongea haraka mno: kama ndege ina breki, kama wingu linalowesha dirisha, kama mhudumu naye ana watoto na anawaachia nani. Aliongea akikumbatiwa, aliongea akivutwa mkono. Kwenye mlango wa kioo aligeuka, midomo ikiendelea, lakini kioo kilikuwa kinene. Mama Chiriku aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa maneno asiyoyasikia.

Siku iliyofuata alikwenda kazini. Watu walimwambia apumzike, akauliza apumzike wapi.

Miezi ya mwanzo Chiriku alipiga simu kila siku, kisha kila Jumapili, kisha Jumapili zisizo na mambo. Aliyepiga zaidi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, ni mke wa shemeji. Alianza kwa aibu. Mtoto anajikuna shingo, dada, nifanye nini? Mtoto amejifungia bafuni, huwa unamwambia nini akiwa hivi? Mama Chiriku alikuwa anaegemeza pasi, anajibu polepole, hatua kwa hatua, na mwenzake huko anafanya akiwa bado kwenye simu. Wakati mwingine alisikia mtoto akitulia kwa mbali, mikononi mwa mwingine, kwa maneno yake yeye. Kisha simu inakatwa kwa shukrani nyingi, naye anachukua shati linalofuata.

Mwaka wa kwanza Chiriku hakuja. Kulikuwa na mitihani. Wa pili alikuja kwa siku tisa. Alikuwa amempita mama yake mdogo urefu kwa vidole viwili, anaongea kwa utulivu, anasubiri mtu amalize ndipo aseme. Alikumbatia kwa nguvu, alilia, alisema nyumba ni ileile. Asubuhi ya pili Mama Chiriku alikuwa jikoni anachemsha chai, akamsikia anakuja na kusimama mlangoni.

"Mama, samahani," alisema. "Naomba nifungue kabati, nichukue taulo?"

Mama Chiriku alimwambia afungue. Akabaki anaitazama chai, kwa sababu ilikuwa inapanda na mtu lazima aiangalie.