Hodi Pande Mbili

Niliwahi kupewa dakika tatu za kuimba wimbo ambao ungebaki duniani baada yangu, nikazitumia zote kusalimia. Nikapewa tatu nyingine, nikasalimia tena. Ujinga wa namna hiyo hauji wenyewe. Lazima mtu awe amelelewa vizuri.

Nilikuwa karani wa forodhani hapa Bagamoyo, mtu mwenye elimu ya sekondari na gambusi la marehemu baba. Niliimba harusini peke yangu, nyimbo nilizotunga mwenyewe. Vyama vya ngoma vilinitaka, nikavikataa, watu wakasema najivuna. Ukweli ni kwamba vyama vilifanya mazoezi mbali na kitanda changu. Nilikubali harusi za Kaole na Mbegani, mwisho hapo. Fukayosi nilikwenda mara moja kwa baiskeli, nikaugua siku mbili, bwana harusi akaja kunipa pole kabla sijampa hongera.

Mke wangu alipofariki kwa homa, sikulia. Nilipokea mikono ya watu, nikarudisha mikeka ya kuazima, siku ya nne nikawa forodhani naandika magunia ya mbata, zile nazi kavu. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona, huusikii. Baada ya arobaini nikamtungia wimbo, beti tisa. Nilidhani utalia kwa niaba yangu. Lakini nani anataka kusikia habari za marehemu kwenye harusi ya bintiye? Ukakaa kwenye daftari.

Ndipo Mhindi mmoja muuza santuri, mwenye duka Dar es Salaam, akaniita. Mzungu wa mashine ya kunasa sauti alikuwa kwake, anasafiri kwa meli kesho yake, na zilibaki sahani za nta za kumtosha mwimbaji mmoja, upande huu na upande huu. Kwa ajili ya wimbo ule nilipanda lori, mimi, nikafika mjini na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Chumba cha nyuma ya duka kilitundikwa mablanketi kuzuia kelele. Taa nyekundu ikawaka, ishara kwamba mashine inanasa. Sasa, pwani kwetu mwimbaji haanzi hivi hivi. Hupiga hodi kwanza: husalimu wenye nyumba, huomba radhi kwa wakubwa zake, huwaombea rehema waliotangulia, huwashukuru wapishi. Asipofanya hivyo, ni kama mgeni anayekutwa ukumbini kwa watu na hakuna aliyemkaribisha. Basi nikamsalimu mwenye duka. Nikamsalimu Mzungu. Nikaitakia mashine afya na maisha marefu. Nikaisalimu mitaa ya Bagamoyo mmoja mmoja, nisije nikalaumiwa. Nilipokohoa ili nianze ubeti wa kwanza, taa ikazimika.

"Karani, wimbo uko wapi?" akauliza mwenye duka.

"Unakuja, bwana."

"Haya, upande wa pili. Imba."

Taa ikawaka. Nikafikiri: upande huu utasikilizwa na watu wengine, ambao pengine ule wa kwanza hawakuusikia. Nikapiga hodi upya.

Mwenye duka alishika kichwa. Mzungu alifunga masanduku yake. Mimi nikangoja uchungu uje, haukuja. Niliomba maji ya kunywa, nikauliza lori la kurudi linaondoka saa ngapi.

Sahani ikatoka vivyo hivyo. Muuza kahawa wa mtaani kwetu alikuwa nayo, akaipiga kila alasiri hadi wateja wake wakaijua kwa moyo.

"Leo ataingia?" mmoja angeuliza.

"Wapi, bado yuko mlangoni."

Toka hapo, harusini waliniita nipige hodi tu, kisha akaletwa mwimbaji mwingine kwa nyimbo zenyewe. Nilikula pilau mapema, nikarudi nyumbani jua lingalipo. Kwa mtu kama mimi, hayo ni maendeleo. Miaka ikaenda hivyo. Kila nilipolifungua lile daftari nilijiambia kwamba mke wangu yumo mle, mzima, na kwamba kama ningekosa adabu siku moja tu, watu wa Saadani, Pangani na Unguja wangemjua.

Aliyepata kuniuliza habari za wimbo wenyewe alikuwa mmoja tu, jirani yangu, shoga wa marehemu mke wangu tangu utotoni. Ilikuwa asubuhi, anasuka ukili wa mkeka uani kwake, nami nimekwenda kuomba kaa la moto.

"Shemeji, huo wimbo wa shoga yangu ulikuwaje hasa?"

Nikaenda kuleta gambusi. Nikaanza kuwasalimu watu wa nyumba ile.

"Tumeshaamkiana," akasema. "Imba."

Nikaimba beti zote tisa. Ndani yake mlikuwa na waridi, na sauti ya upole isiyopanda, na macho ya kutazama chini, na mke anayemngoja mumewe kimya. Mikono ya jirani haikuacha kusuka, wala hakuinua uso. Nilipomaliza alikata ukili kwa meno, akaukunja, akauweka pembeni.

"Huyo mimi simjui," akasema. "Shoga yangu alikuwa mkali, akikusema tangu unavua viatu mpaka unalala, na wewe ulikuwa ukiwahi nyumbani ili usemwe."